Laiki nyingi, wanunuzi hawaonekani: tunawapataje wenye biashara ndogo mitandaoni?

StokuSafi ameuliza:

Habari wakuu. Bidhaa ni programu ya simu ya kurekodi mauzo, stoku na madeni ya wateja. Mlengwa ni mwenye biashara ya mtu mmoja hadi kumi: duka, karakana, saluni, muuzaji mdogo wa jumla. Malipo ni ya kila mwezi.

Hali ilivyo sasa: kuna ukurasa wa Facebook na wa Instagram, posti tano kwa wiki kwa miezi mitatu, na kila wiki posti mbili zinaboostiwa (tunalipia zionekane kwa watu wengi zaidi). Laiki zinaingia na wafuasi wanaongezeka. Wanaoandika inboksi ni wachache, na wengi wao ni wanafunzi, watengenezaji wa programu kama sisi, au watu wanaotafuta kazi. Mwenye biashara akijitokeza, anauliza bei, anajibiwa, kisha kimya.

Tatizo ni mtandao tuliouchagua, posti zenyewe, au namna ya kulipia matangazo? Na tupime nini, maana laiki zimetudanganya vya kutosha. Bajeti ni ndogo, kwa hiyo naomba majibu yenye hatua, si nadharia.

---

MezaYaMauzo:

Mkuu, anza na mlengwa kabla ya mtandao. Ukiuzia kampuni kubwa kuna idara ya ununuzi, kuna kikao, kuna bajeti ya mwaka. Mwenye biashara ndogo ndiye mnunuzi, mhasibu na mfagiaji. Anashika simu ileile anayoongea na familia yake, na anaifungua baada ya kufunga hesabu au pale wateja wanapopungua. Haingii Facebook kutafuta programu ya stoku. Yumo humo kama mtu wa kawaida, na posti yako inashindana na picha za harusi ya binamu yake.

Ndiyo maana posti ya "Programu yetu ina moduli 12 na ripoti za kisasa" inapata laiki za watengenezaji wenzako. Hao ndio wanaojua moduli ni nini. Mwenye duka anajua kitu kingine: jioni droo ina pungufu na hajui limetoka wapi. Anajua mtu aliyekopa anasema ameshalipa, na daftari limeloa maji. Anajua bidhaa inayouzika sana imeisha, na isiyouzika imejaa rafu. Andika posti kuhusu hayo, moja moja, kwa maneno anayoyatumia yeye. Posti moja, kero moja. Ukiweka kero tatu ndani ya video ya dakika moja, hakuna itakayomgusa.

Njia ya kuyapata maneno hayo ni kusoma ujumbe ambao wateja mlionao walituma siku za kwanza, kabla hawajajifunza lugha yenu. Nakili sentensi 30 kama zilivyoandikwa. Utagundua hawasemi "usimamizi wa stoku", wanasema "kujua mzigo uliobaki". Hicho ndicho kichwa cha posti.

Kisha gawanya kwa aina ya biashara. "Wenye biashara ndogo" si kundi moja. Saluni haina mzigo mkubwa, kero yake ni kamisheni za wafanyakazi na miadi. Karakana ina vipuri na kazi ambazo hazijalipwa. Posti inayosema na wote haimsemeshi yeyote. Chagua aina moja ambayo tayari mna wateja wanaoridhika, ishikeni kwa wiki sita hadi nane, ndipo muongeze ya pili.

Video za aina hii zifanye kazi hivi: sekunde tatu za kwanza zionyeshe kero yenyewe, si nembo yenu. Kwa mfano mkono unapekua daftari na maandishi makubwa: "Nani anadaiwa na nani ameshalipa?" Halafu sekunde 15 hadi 25 za skrini ya simu mtu akirekodi deni na kulifuta likilipwa. Weka maandishi kwenye video, kwa sababu wengi hutazama bila sauti, hasa akiwa na mteja mbele yake. Piga wima, uwiano wa 9:16, na usiweke maneno muhimu chini kabisa wala pembeni kulia maana vitufe vya programu huyafunika. Kama mnapeleka video hizo TikTok, kumbukeni akaunti ya biashara hairuhusiwi kutumia kila muziki; kuna maktaba yake ya muziki wa kibiashara, na video yenye wimbo nje ya hapo huweza kunyamazishwa.

Kuhusu bei na ile kimya inayofuata. Iandikeni wazi kwenye ukurasa na kwenye tangazo. Anayefanya biashara kila siku anaposoma "njoo inboksi kwa bei" anahisi atapimwa uwezo wake kisha atajiwe bei inayolingana. Bei iliyofichwa inawaleta wasioweza kulipa, nanyi mnatumia saa nzima kuwajibu. Ikiwa bei inategemea idadi ya watumiaji, taja ya chini na useme inapanda kwa sababu gani.

---

TangazoKwaHesabu:

Naongezea upande wa matangazo ya kulipia, kwa sababu hapo ndipo pesa inapovuja.

Kitufe cha kuboosti posti mara nyingi kinaanza na lengo la kupata mwitikio: laiki, maoni, kusambazwa. Mfumo unatii ulichouomba. Ndani ya walengwa wako kuna watu wenye tabia ya kulaiki kila kitu, na hao ndio watakaoonyeshwa tangazo kwanza kwa kuwa wanapatikana kwa gharama ndogo. Mwenye duka aliyechoka saa tatu usiku hayumo kati yao. Kwa hiyo hizo laiki si ajali, mmezinunua.

Hamieni kwenye Ads Manager, chombo cha Meta (wenye Facebook na Instagram) cha kupangia matangazo, na mchague kampeni ya kuleta ujumbe au ya wateja watarajiwa. Kwa bajeti ndogo ningeanza na tangazo linalofungua mazungumzo ya WhatsApp. Sababu ni mbili: mwenye biashara ndogo hapendi kujaza fomu, na hapo hapo mnapata namba yake halisi.

Mpangilio ninaoupendekeza ni kampeni moja, kundi moja la matangazo, na matangazo matatu yenye kero tatu tofauti. Msigawanye bajeti ndogo kwenye makundi matano. Kila kundi la matangazo lina kipindi cha kujifunza, ambapo mfumo unatafuta nani wa kumwonyesha tangazo, na Meta yenyewe inasema kipindi hicho huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ili kutulia. Ukigawa mazungumzo 50 kwa makundi matano, kila moja linapata 10 na hakuna linalojifunza. Ukibadilisha bajeti kwa kiasi kikubwa, walengwa au picha, hesabu inaanza upya. Kosa la kawaida kabisa ni mtu kuamka kila asubuhi na kugusagusa tangazo. Liache siku saba. Sababu pekee ya kulizima mapema ni kosa la wazi: namba ya simu isiyo sahihi, bei ya zamani, eneo msilohudumia.

Walengwa: kuna vigezo vya tabia kama wasimamizi wa kurasa za Facebook na wamiliki wa biashara ndogo; ukivikuta kwenye akaunti yako, vitumie. Cha kwanza kina mantiki nzuri, maana mtu anayesimamia ukurasa mara nyingi ana kitu anachouza. Lakini hata humo mna wenye kurasa za vichekesho na za timu za mpira. Kinachochuja kwa kweli ni tangazo lenyewe. Sentensi ya kwanza ikisema "Una duka lenye bidhaa zaidi ya 100 na muuzaji mmoja au wawili?", mwanafunzi anapita, na mwenye duka anasimama. Mwitikio utapungua kwa idadi, na hilo ndilo mnalolitaka.

Mkishakuwa na namba za wateja wanaolipa, zipakieni kama hadhira maalumu, yaani orodha yenu wenyewe ya watu, kisha muombe hadhira ya watu wanaofanana nao. Kima cha chini ni watu 100 wa nchi moja wanaotambuliwa na mfumo. Kumbuka si kila namba itatambuliwa, kwa hiyo orodha ya namba 100 kamili haitatosha. Pakieni wanaolipa tu. Mkichanganya na waliowahi kuuliza bei na kupotea, mtaletewa wanaofanana na waliopotea. Na kabla ya kupakia, hakikisheni mlipochukua namba hizo mliwaambia wateja zitatumikaje. Sheria za taarifa binafsi zinahusu hata orodha ya watu 200.

Fungu la pili la bajeti, kama moja ya tano, liende kwa waliokwisha kuwaona: waliotazama angalau nusu ya video, au waliotembelea tovuti. Hadhira ya waliotembelea tovuti hukaa hadi siku 180, lakini kwa bidhaa kama hii siku 30 zinatosha. Hawa msiwaonyeshe kero tena, wameshaijua. Waonyesheni jibu la hofu zao: "Simu ikipotea data inabaki?", "Muuzaji wangu asiyejua kompyuta ataiweza?", "Nikiacha kulipa napata rekodi zangu?" Anayelipa kwa mfuko wake mwenyewe huogopa kukosea kuliko anavyotamani kupata faida.

Mkiamua kutumia fomu za ndani ya Facebook, chagueni aina yenye hatua ya kuhakiki kabla ya kutuma. Ile ya haraka hujaza jina na namba yenyewe, mtu anabonyeza bila kujua, na mkimpigia anasema hajawahi kuwasikia. Ongezeni swali moja la kuandika kwa mkono, mfano "Unauza nini?". Na pakueni majina mapema, kwa sababu baada ya siku 90 hayapatikani tena.

---

Karani_wa_Mtandao:

Kabla hujahamisha kitu kwenda LinkedIn, mtandao wa watu wa maofisini, kwa kuwa kuna mtu atakushauri: mtandao ule unaruhusu kulenga kwa ukubwa wa kampuni, kuna daraja la watu 2 hadi 10 na la 11 hadi 50, na kwa karatasi inaonekana ndipo penyewe. Mwenye karakana hayumo. Wamo washauri, mawakala, wahasibu na kampuni ndogo za huduma. Kama ungekuwa unauza kwao ningesema anza huko, kwa kuzungumza nao mwenyewe kupitia wasifu wako binafsi, kwa sababu matangazo yake ni ghali.

Kwa bidhaa yako LinkedIn ina kazi moja tu: wahasibu na watunza hesabu wanaohudumia biashara ndogo. Mmoja akikubali programu yako inampunguzia kazi ya kupokea mabunda ya risiti, anaweza kukuletea wateja kumi. Huyo ana maswali tofauti: anataka kujua data inatoka katika muundo gani na kama anaweza kuingia bila kuvuruga hesabu za mteja.

Makundi ya Facebook ya wafanyabiashara nayo ni mazuri, ila yana adabu yake. Soma kanuni zilizobandikwa juu. Wiki mbili za kwanza jibu maswali tu, bila kiungo. Mtu akiuliza "mnahesabu vipi mzigo bila kufunga duka?", mpe jibu kamili ambalo anaweza kulifanya kwa kalamu na daftari: gawanya rafu katika sehemu, hesabu sehemu moja kila siku kabla ya kufungua, linganisha na rekodi. Watu watabonyeza jina lako wenyewe, kwa hiyo wasifu wako useme wazi unafanya nini. Kubandika tangazo lilelile kwenye makundi 20 kwa saa moja ndiyo njia ya haraka ya kufungiwa.

---

StokuSafi:

Shukrani sana, wakuu. Nimeelewa tatizo la kuboosti. Swali la nyongeza: mazungumzo ya WhatsApp yakishaingia tunayaendeshaje bila kuajiri mtu? Na lile la kupima bado.

---

MezaYaMauzo:

Tumia WhatsApp Business, si WhatsApp ya kawaida, na namba ya ofisi isiyo ya mtu binafsi, ili mfanyakazi akiondoka asiondoke na wateja. Washa uthibitishaji wa hatua mbili siku ileile. Kwenye ukurasa wa Facebook weka wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili. Akaunti ya msimamizi pekee ikiibwa, ukurasa, matangazo na kadi ya malipo vyote vinakwenda nayo.

Ujumbe wa kwanza wa moja kwa moja uwe mfupi na uishie na swali jepesi: "Karibu. Unauza nini, na kwa sasa unarekodi mauzo kwa daftari, kompyuta, au hurekodi?" Jibu la hapo linakuonyesha kama anafaa. Usianze na faili la kurasa 14 la maelezo. Halifunguliwi, linamla kifurushi cha intaneti, na mazungumzo yanafia hapo.

Kisha majibu ya haraka. Programu inaruhusu hadi 50. Nyinyi mnahitaji kama nane: bei, namna ya kuanza, usalama wa data, kufanya kazi bila mtandao, idadi ya watumiaji, mafunzo, kusitisha, na maonyesho (kumwonyesha mtu programu ikifanya kazi). Yaandikeni kama mtu anavyoongea, na kabla ya kutuma ongeza neno moja la biashara yake. "Kwa duka la vipodozi kama lako..." inachukua sekunde tano na inamwondolea hisia ya kuongea na mashine.

Lebo ziwe tano: mpya, anafaa, maonyesho yamepangwa, ameanza, hafai. Kila mazungumzo lazima yawe na lebo kabla siku haijaisha, la sivyo baada ya wiki mbili hamtajua nani ni nani.

Muda wa kujibu ndio uhai wa mpango mzima. Aliyebonyeza tangazo saa tatu usiku yuko kwenye kero yake wakati huo; kesho saa nne asubuhi ana wateja mbele yake na amesahau jina lenu. Kama hamwezi kujibu usiku, pangeni tangazo lionekane saa ambazo mtu yupo. Kupanga saa kunahitaji bajeti ya muda wote wa kampeni badala ya bajeti ya kila siku, wengi hukwama hapo.

Kufuatilia: aliyeuliza bei akanyamaza, mtumie video ya sekunde 30 inayohusu biashara yake baada ya siku moja. Baada ya siku nne muulize swali moja: kilichomzuia ni bei, muda wa kujifunza, au ana njia nyingine? Akinyamaza tena mwache. Mwisho wa wiki yeye ni kati ya watu walio karibu zaidi kukuripoti, na ripoti zikizidi namba hufungwa. Kwa sababu hiyohiyo usinunue orodha za namba. Orodha ya kutuma kwa wengi hubeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwambie mteja mpya aihifadhi siku anayoanza.

---

TangazoKwaHesabu:

Kupima sasa. Fungueni jedwali lenye safu sita kwa kila wiki: fedha ya tangazo, mazungumzo yaliyoanza, wanaofaa, maonyesho, walioanza kulipa, na waliolipa mwezi wa pili. Laiki hazina safu.

Mfano wa kusoma jedwali, namba ni za kuonyesha tu. Mazungumzo 60, wanaofaa 9: tangazo linavuta watu wasio sahihi, rekebisha sentensi ya kwanza na picha. Mazungumzo 60, wanaofaa 35, maonyesho 6: tatizo ni majibu yenu au kasi yake. Maonyesho 20, walioanza 2: tazameni bei, au maonyesho yenyewe ni marefu. Walioanza 12, waliolipa mwezi wa pili 4: hapo msiguse matangazo kabisa, bidhaa haijakaa mikononi mwa mtu. Kila pengo lina dawa yake, na watu wengi hubadilisha picha ya tangazo kutibu ugonjwa ulio mwisho wa safari.

Kikomo cha gharama kipigeni hivi. Chukua faida ya mwezi kwa mteja mmoja baada ya kutoa gharama za seva na huduma, zidisha kwa miezi anayokaa kwa wastani. Akikaa miezi 10, ana thamani ya faida 10 za mwezi. Tengeni theluthi moja kwa kumpata, yaani faida za miezi mitatu na ushee. Fedha yote ya matangazo ya mwezi ukigawanya kwa walioanza kulipa ikazidi hapo, simamisheni mtafute pengo. Kama hamjui wateja hukaa muda gani kwa sababu bidhaa ni mpya, tumieni miezi mitatu kama makadirio ya tahadhari.

Viungo vyote vinavyokwenda kwenye tovuti viwekeeni alama za UTM, maneno yanayoongezwa mwisho wa kiungo kuonyesha mtu alikotoka: utm_source kwa mtandao, utm_medium kwa aina, utm_campaign kwa jina la kampeni. Tumieni herufi ndogo siku zote, kwani Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, huhesabu "Facebook" na "facebook" kama vyanzo viwili. Kwa WhatsApp njia rahisi ni ujumbe ulioandikwa tayari ndani ya kila tangazo: la madeni lianze na "Nataka kujua kuhusu madeni", la mzigo lianze na "Nataka kujua kuhusu mzigo". Mtu akituma bila kubadilisha, mnajua alikotoka.

Na msishangae namba za Facebook zikitofautiana na za jedwali lenu. Tangu iOS 14.5 (toleo la mfumo wa iPhone) ya 2021, programu kwenye iPhone lazima ziombe ruhusa ya kumfuatilia mtu, na wengi hukataa, hivyo sehemu ya matokeo haionekani au hukadiriwa. Jedwali lenu la waliolipa ndilo la kuamini.

---

Karani_wa_Mtandao:

Nyongeza kuhusu ushuhuda wa wateja, kama mtautumia kwenye yale matangazo ya waliokwisha kuwaona: ombeni ruhusa kwa maandishi, na kabla ya kurekodi skrini ya mteja tengenezeni akaunti ya mfano yenye data bandia. Kuna video nyingi zinazoonyesha majina ya wadaiwa halisi wa duka la mtu. Mwenye duka mwingine akiiona, anachojifunza ni kwamba na siri zake zitaanikwa. Mteja aseme jambo moja analoweza kulithibitisha, kama "kuhesabu mzigo kulikuwa kunachukua siku nzima, sasa ni asubuhi moja", na taja aina ya biashara na idadi ya wafanyakazi, ili anayetazama ajue kama anafanana naye.